Mwizi wa Mfuko wa Nne

Septemba 9, Jumamosi

Daktari amenitaka niandike kila ninachokunywa mpaka tutakapoonana tena Desemba. Nadhani alitaka kunitisha tu. Nimenunua daftari lenye picha ya bata kwenye jalada, maana ndilo lililobaki dukani baada ya watoto wa shule kupita kama nzige. Basi, daktari, tunaanza vibaya: leo ndiyo Jumamosi ya kwanza ya bia za maboga.

Tuko watatu. Kuna mimi, Duane Sobczak, fundi wa matanuru ya kupashia nyumba joto, mwanamume wa miaka hamsini na sita, aliyeachwa na mke na nywele katika mwaka mmoja. Kuna Verlin Haas, aliyeoka mikate na pai za mji huu tangu mimi nikijifunza baiskeli. Sasa amestaafu, lakini bado ananiita kijana. Na kuna Noreen Klemm, mpishi wa shule, ambaye ulimi wake unaweza kumenya viazi. Noreen ni shemeji yake Verlin. Wa nne alikuwa Maxine, mke wa Verlin na dada wa Noreen. Tulimzika mwaka jana majani yakianza kugeuka rangi, na msimu ule hatukukutana kabisa.

Leo tumekutana, gerejini kwangu kama zamani. Sheria ni zilezile. Kila chupa imo ndani ya mfuko wa karatasi wenye namba, hakuna anayeona lebo. Unanusa, unakunywa, unatoa alama kati ya kumi, na ni marufuku kudanganya. Halafu, katikati ya mifuko, mwenyeji anaficha bia moja ya kawaida, isiyo na boga wala mdalasini wala karafuu. Hiyo tunaiita mwizi. Asiyemkamata mwizi anavaa kofia ya boga aliyoifuma Maxine, ya rangi ya chungwa, ina kikonyo cha kijani juu. Mimi nimeivaa mara nyingi hata imechukua umbo la kichwa changu. Verlin hajawahi. Pua yake ilikuwa inajua kungumanga iliyosagwa leo na iliyosagwa jana.

Bora ya leo: sita. Mbaya ya leo: tatu, ilinukia kama mshumaa wa dukani. Mwizi tulimkamata wote, ingawa Verlin alikuwa wa mwisho kusema. Kwa kweli alikuwa wa mwisho kusema kila kitu.

Septemba 12, Jumanne

Janine amepiga simu kutoka Arizona. Ni binti pekee wa Verlin. Aliniuliza baba yake anaendeleaje, nikamwambia anaendelea vizuri, ananitukana kama kawaida. Hakucheka. Alisema chumba cha baba kiko tayari kwake, kimepakwa rangi, na siku atakayosikia mzee ameanguka, au amesahau kitu, au nyumba imemshinda, atapanda ndege siku hiyohiyo aje amchukue. Akaniomba nimwambie ukweli nikiona lolote.

Nikaahidi. Verlin ameniambia mara mbili kwamba akitoka katika nyumba ya Maxine atatoka miguu mbele, ndani ya jeneza. Na mimi, nikiondoa matanuru ya watu, sina mahali pengine pa kwenda Jumamosi.

Septemba 16, Jumamosi

Mvua kutoka ziwani, inapiga kwa ubavu. Saba, tano, tano, mbili. Noreen aliniuliza kama ile ya mbili nimeiweka kwa kulipiza kisasi.

Septemba 19, Jumanne

Tanuru la kwanza la msimu. Mwenye nyumba alikuwa amelala na makoti. Bia moja, ya kawaida, niliyoinywa nimesimama jikoni.

Septemba 23, Jumamosi

Noreen alifika mapema akiwa amenuna. Jana Verlin alimkaribisha supu ya mahindi. Anasema ilikuwa na chumvi ya kutosha kuyeyusha barafu barabara nzima mpaka Cleveland, na shemeji yake aliimaliza bakuli akafuta kwa mkate. Nilisema labda ni upweke, mtu akipika kwa ajili yake peke yake anasahau vipimo. Noreen alisema mwokaji hasahau vipimo, anasahau jina lake kwanza.

Tulipoanza kunywa nilimwangalia. Verlin alinusa kila mfuko kwa muda mrefu sana, macho kayafumba, kama mtu anayesali. Kisha akasubiri. Noreen akisema tangawizi imezidi, Verlin anasema, naam, tangawizi. Mimi nikisema tamu mno, anatikisa kichwa, tamu. Zamani tungekuwa tumeshagombana.

Sita, sita, nne.

Septemba 30, Jumamosi

Leo nitaandika zaidi ya nilivyokunywa, daktari afurahi.

Mwizi nilimweka mfuko wa nne. Bia nyepesi, ya bei ya chini, ile ambayo watu hunywa wakikata nyasi. Haina harufu ya kitu chochote isipokuwa kopo. Mtoto mchanga angeikamata. Na kwa kuwa nilitaka kujua, nikabadilisha utaratibu: nikasema leo mkubwa anatangulia. Noreen akauliza tangu lini tuna adabu hapa.

Mfuko wa kwanza Verlin alitoa saba. Wa pili, saba. Wa tatu, sita. Alipofika wa nne alivuta pumzi, akanywa, akaizungusha mdomoni, akatazama juu kwenye taa ya gereji. Kisha akasema, kwa sauti ile ya duka la mikate niliyoizoea tangu utoto, kwamba huyu aliyetengeneza hii anajua kazi. Karafuu imeingia mwishoni kabisa, haikuchemshwa sana. Boga limechomwa kwanza kwenye oveni. Akatoa tisa.

Sijawahi kumwona Verlin akitoa tisa.

Noreen alikuwa bado hajaionja, glasi iko mkononi. Nilimwona anainusa, nikaona nyusi zake zinapanda. Na kabla hajafungua mdomo nikajipiga kofi kwenye paji la uso, nikasema masikini mimi, leo nimesahau kuweka mwizi. Nimesahau kabisa. Nikaenda kuitwaa ile kofia mwenyewe, nikaivaa.

Noreen alinitazama kwa muda. Yeye si mjinga. Akasema, "Duane, umezeeka vibaya," akaiweka glasi chini, akaipa mfuko wa nne alama sita, yeye ambaye hajadanganya tangu ubatizo. Verlin alicheka sana. Alisema kijana kichwa chake kimekuwa boga ndani na nje. Nilifurahi kumsikia akicheka.

Baadaye nilimsindikiza Noreen kwenye gari lake, akawasha injini. Ndipo aliposema, "Tusimwambie Janine." Nikasema, "Tusimwambie."

Oktoba 3, Jumanne

Leo nilikuwa chini ya nyumba ya watu nikitafuta uvujaji wa gesi. Nilisikia harufu yake toka ngazini, mayai yaliyooza, nikafuata pua mpaka kwenye kiungo kilicholegea. Gesi yenyewe haina harufu. Hutiwa uvundo makusudi, ili pua ya mtu imwokoe.

Nilikuwa nimeshika spana nikasimama pale kama nguzo. Jiko la Verlin ni lile la mama yake Maxine, linawashwa kwa kiberiti. Halina kifaa cha kukata gesi moto ukizimika.

Nimenunua king'ora cha gesi. Ni kidogo, unakichomeka ukutani tu. Nitampelekea kesho.

Oktoba 5, Alhamisi

King'ora kiko kwenye kiti cha abiria. Nilipita kwa Verlin, tukazungumza barazani kuhusu mifereji ya paa lake. Nikimpa hicho kitu ataniuliza kwa nini. Nitasema nini? Kwamba nilijua, nikavaa kofia? Nimerudi nacho.

Oktoba 7, Jumamosi

Verlin amekuwa jasiri tangu wiki iliyopita. Sasa anasema wa kwanza, kwa kujiamini, na anabuni: hii ina asali, hii imekaa kwenye pipa la mwaloni. Noreen na mimi tunamfuata kama makarani wawili. Saba, saba, saba. Msimu huu hakuna bia mbaya katika jimbo zima la Ohio. Sikuweka mwizi.

Alisema Jumamosi ijayo tusikutane, anapika ile ya Maxine. Kila mwaka waliipika wenyewe, boga lao na viungo vyao, na ndiyo tunayofungia msimu kabla ya Sikukuu ya Shukrani. Maxine alikuwa anachemsha, Verlin ananusa na kutia viungo. Nilisema nitakuja kusaidia. Alisema jikoni kwake hahitajiki fundi wa mabomba.

King'ora bado kiko kwenye kiti. Leo nimekifunga mkanda, kilikuwa kinaanguka kila nikikata kona.

Oktoba 10, Jumanne

Matanuru kutwa. Umande umeganda asubuhi. Sikunywa kitu.

Oktoba 14, Jumamosi

Nilipanga kufika kwake saa nne asubuhi. Nikaanza kujitafutia kazi: nikaosha gari, nikafagia majani ambayo yangeanguka tena kabla sijarudisha fagio. Nilifika alasiri.

Harufu nilikutana nayo barazani, kabla ya kugonga. Verlin hupachika matambara kwenye madirisha yote baridi ikianza, hakuna upenyo hata wa sindano, na bado ilikuwa inatoka chini ya mlango. Sikugonga, niliingia moja kwa moja.

Alikuwa amesimama mbele ya jiko, mgongo kwangu, amevaa aproni ya zamani ya duka. Sufuria kubwa ilikuwa imefurika. Uji wa kimea ulikuwa umemwagika ukafunika vichomeo vyote, mweusi, unanata, unadondoka mpaka sakafuni. Moto ulikuwa umezimika, Mungu anajua tangu saa ngapi, na jiko lilikuwa linavuma polepole kama paka. Jikoni kulikuwa huwezi kuvuta pumzi. Yeye alikuwa anavuta, amani kabisa, anapiga mluzi. Na kiberiti kilikuwa mkononi, njiti tayari imetolewa.

Sikupaza sauti. Nilisema kama unavyomwambia mtu ambaye nyoka yuko karibu na mguu wake:

"Verlin. Usiwashe. Weka chini."

Aligeuka. Aliona uso wangu, na nadhani uso wangu ulimweleza kila kitu, kwa sababu hakuuliza. Aliweka kiberiti mezani taratibu, njiti juu yake. Nilifunga jiko, nikamshika mkono, tukatoka kwa mlango wa nyuma bila kugusa swichi. Nikaenda kufunga gesi pembeni ya nyumba kwa spana, na spana iliniponyoka mara mbili, mimi niliyeifanya kazi hii miaka yote.

Tulikaa kwenye benchi la bustani, yeye na ndala zake, upepo wa ziwani unatupiga. Maboga ya mwisho yalikuwa bado shambani, yameanza kulegea.

Kisha akanieleza. Ilikuwa homa ya mafua iliyompata Februari. Asubuhi moja aliamka, kahawa ikawa maji moto. Daktari alimwambia labda pua itarudi, labda haitarudi. Alisubiri mwezi, akasubiri mwingine. Alifungua kabati la viungo la Maxine akanusa chupa moja baada ya nyingine, akasema ilikuwa kama kugonga milango ya mtaa uliohamwa. Hata mto wa Maxine, ambao hakuwa ameufua. Hakumwambia mtu, kwa sababu mtu angemwambia Janine.

"Ulijua," alisema. "Mfuko wa nne."

"Nilijua."

"Ilikuwa nini?"

Nikamtajia ile bia ya kukatia nyasi. Alifumba macho kama mtu aliyepigwa kibao.

"Nikasema karafuu imeingia mwishoni."

"Ukasema na boga limechomwa kwanza."

Halafu akasema, bila hasira, na ingekuwa heri angekuwa na hasira:

"Ungenivika ile kofia tu, kijana. Ningeumia kidogo, basi."

Nyumba ilipokwisha kupata hewa tulirudi ndani. Kwa sheria ya kazi yetu, jiko la namna hiyo hufungwa kadi nyekundu: kifaa hiki ni hatari, kisitumike. Watu wengi wamenitukana nikiwafungia kadi ile. Verlin alinishikia tochi. Aliuliza sehemu ya sababu nitaandika nini, nikasema jiko ni la zamani, halina kinga. Akasema niongeze na mpishi. Sikuongeza.

Nilipotaka kumwaga kilichobaki kwenye sufuria akasimama mbele yake. Bia ya Maxine haimwagwi. Kwa hiyo tulibeba sufuria ile mpaka gerejini kwangu, tukamaliza kuchemsha nje, kwenye jiko langu la kukaangia bata mzinga. Viungo alikuwa ameshatia. Niliinama juu ya mvuke, machozi yakanitoka. Nikamwambia karafuu ni nyingi. Akauliza nyingi kiasi gani. Nikamwambia nyingi sana, Verlin. Akatikisa kichwa, akakoroga.

King'ora nilikichomeka ukutani kwake kabla ya kuondoka. Kina taa ndogo ya kijani. Kingekuwa pale tangu wiki ile, kingepiga kelele, naye angetoka nje na ndala zake na kutukana, na leo ningekuwa naandika alama.

Oktoba 15, Jumapili

Nimempigia Janine. Nilimwambia yote, na la mfuko wa nne pia. Alilia, kisha akanishukuru, na shukrani ile imenikaa tumboni kuliko bia yoyote. Atakuja wiki ya Shukrani.

Noreen hajanilaumu. Alisema, "Na mimi niliipa sita."

Oktoba 21, Jumamosi

Hatukukutana.

Oktoba 31, Jumanne

Watoto wachache waliovaa vinyago wakiomba peremende mlangoni, kama kila mwaka siku hii, na mvua ya mawe. Mmoja aliniuliza mimi nimevaa kama nani. Bia mbili.

Novemba 4, Jumamosi

Noreen anampelekea Verlin chakula kila jioni. Anasema anakila chote na kushukuru, na hilo ndilo linalomtisha.

Novemba 18, Jumamosi

Tumefungia msimu. Theluji ya kwanza, ile nyepesi isiyokaa.

Verlin alikuja na kasha la chupa za Maxine, na kabla hajakaa alinyoosha mkono. Sikuelewa anataka nini. Akasema ana deni la Septemba. Nikampa kofia. Aliivaa mbele ya kioo cha gari langu, akaiweka sawa, kikonyo katikati. Ilimkaa vibaya, ilikuwa imezoea kichwa changu. Noreen alicheka mpaka akaegemea mashine ya kufulia, kisha nikaona hacheki tena.

Leo hapakuwa na mifuko. Chupa moja, glasi tatu. Verlin alisema, "Sheria ni ileile. Nani anaanza?"

Nilionja. Nikamtazama, mzee mwenye boga kichwani, ananitazama kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali.

"Mbili," nikasema.

"Ningesema moja na nusu, shemeji," Noreen alisema, "lakini kofia imekupendeza. Mbili."

Verlin aliinamisha kichwa. Nadhani ilimuuma. Kisha akaniambia nimweleze, nisimfiche. Nikanusa tena. Nikamwambia inanukia kwa daktari wa meno. Karafuu imekaa mbele imefunga mlango. Nyuma yake kuna mdalasini, ukisubiri kidogo unaupata. Kuna kuungua, pale ulipofurika. Mwishoni kabisa kuna kitu kama ganda la mkate, ule wa kwake wa asubuhi. Alikuwa amefumba macho anasikiliza, glasi chini ya pua.

"Na boga?"

"Boga halipo."

"Boga huwa halipo," alisema, na kwa mara ya kwanza msimu huu tuligombana, kwa sababu Noreen anashikilia kwamba mwaka mmoja lilikuwepo.

Novemba 22, Jumatano

Janine alifika jana, leo wameondoka. Ni mwanamke mwema, mchovu, ana kidevu cha mama yake. Verlin alitoka kwa miguu yake, ameshika reli ya ngazi. Nyumba haijauzwa bado. Nilifunga maji yasigande mabombani, nikashusha tanuru mpaka mwisho. Kadi nyekundu bado iko kwenye jiko.

Alikuwa amevaa kofia. Janine alimwambia baba, Arizona kuna joto. Alisema ataivua akifika kwenye joto. Aliniambia nimwandikie kila Jumamosi nimenusa nini, hata kama si bia. Gari lilipokata kona tuliona kikonyo cha kijani kwenye kioo cha nyuma, halafu tuliona barabara.

Noreen aliuliza nitakula nini kesho. Nikasema sijui. Akasema saa nane, na nisilete chochote nilichokipika.

Novemba 23, Alhamisi, Sikukuu ya Shukrani

Nimerudi kutoka kwa Noreen. Bata mzinga, viazi, pai ya boga. Barua ya kesho kutwa, Jumamosi, nimeshaanza kumwandikia Verlin: siagi, majani makavu yanayooza nyuma ya nyumba yake, theluji kabla haijaanguka, ambayo ina harufu ya chuma.

Daktari, nakamilisha hesabu yako. Bia ya Verlin, chupa iliyobaki. Mbili kati ya kumi. Nimeimaliza yote.